Bakteria Anayewinda Bakteria

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu wa bakteria wa Kijerumani, Heinz Stolp, alikuwa akishughulikia ugonjwa wa maharage. Bakteria wake huacha kwenye majani madoa yaliyozungukwa na duara la manjano, na wakulima wa maharage wa nyanda zetu za juu wanayajua vizuri. Stolp alitaka virusi wanaoua bakteria hao, akawatafuta kwenye udongo. Aliuchuja, kisha maji yake akayaweka kwenye sahani za maabara zilizotandwa na bakteria.

Virusi wa aina hiyo hufanya kazi haraka. Kwa kawaida, kufikia kesho yake utando wa bakteria huwa umetobolewa vidoa angavu, na baada ya hapo vidoa havikui tena. Sahani moja ya Stolp haikuonyesha kitu. Kwa bahati haikutupwa. Siku mbili tatu baadaye vidoa vilijitokeza, na badala ya kusimama viliendelea kutanuka siku baada ya siku. Alipotazama kwa hadubini hakukuta virusi. Alikuta bakteria wadogo sana wenye umbo la koma, wanakwenda mbio na kuwagonga wenzao wakubwa.

Mwaka 1963, Stolp na mwenzake Mortimer Starr walimtangaza kiumbe huyo kwa jina la Bdellovibrio bacteriovorus. Urefu wake ni kama mikromita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Ana mkia mmoja tu, lakini huweza kuogelea mikromita 160 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya mara mia ya urefu wa mwili wake kila sekunde moja, na kwa kiumbe asiye na macho wala ubongo, sijui mwindaji mwingine wa kumlinganisha naye.

Mawindo yake ni bakteria wenye utando wa ziada nje ya ukuta wa seli, kundi ambalo wataalamu huliita Gramu-hasi. Tuseme amekutana na E. koli, mkazi wa kawaida wa utumbo. Anamgonga na kung'ang'ania. Kwa dakika chache anaweza bado kuachia aende zake. Akiridhika na alichokipata, anatoboa tundu dogo kwenye utando na ukuta wa windo, anajipenyeza ndani, kisha analiziba tundu nyuma yake. Hafiki katikati ya seli. Anakaa kwenye nafasi nyembamba iliyo kati ya utando wa nje na ule wa ndani, na kutoka hapo anamwaga vimeng'enya vya kuyeyusha kila kilichomo. E. koli, aliyekuwa na umbo la kijiti, anavimba na kuwa mviringo. Kwa nje anaonekana mzima, ingawa amekwisha kufa.

Ndani yake mwindaji anarefuka kama uzi. Bakteria wengi hujigawa wawili wawili. Huyu husubiri chakula kiishe, ndipo uzi wote ukatike kwa pamoja vipande vitatu, vinne, vitano au sita, kulingana na ukubwa wa windo. Kila kipande huota mkia, ganda la windo hupasuliwa, na watoto hutoka kwenda kuwinda. Shughuli nzima huchukua saa tatu hadi nne.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni namna wanavyotoka. Vimeng'enya vya kukata ukuta wa windo vingeweza kuukata pia ukuta wa mwindaji mwenyewe, kwa kuwa kuta hizo zimejengwa kwa mali moja. Utafiti wa vyuo vikuu vya Nottingham na Birmingham, ukiongozwa na Liz Sockett na Andrew Lovering, umeonyesha ufumbuzi wake: mwindaji akishaingia huubadilisha kidogo ukuta wa windo kikemia, kama mtu anayeweka alama kwenye miti ya kukatwa. Wakati wa kutoka hutumia kimeng'enya kinachokata ukuta wenye alama tu.

Haya yote yangebaki starehe ya maabara kama si usugu wa dawa. Makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kutokana na bakteria waliokuwa sugu. Wengi wa bakteria wanaoliogopesha zaidi Shirika la Afya Duniani ni wa kundi la Gramu-hasi, yaani mawindo hasa ya huyu koma. Naye hajali kama windo ni sugu kwa dawa hii au ile. Humla vilevile.

Mwaka 2011, watafiti wa Uingereza waliwanywesha Bdellovibrio vifaranga vya kuku vilivyoambukizwa salmonela. Salmonela ilipungua utumboni, uvimbe pia, na vifaranga havikudhurika. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya mabuu ya samaki waliodungwa shigela sugu, bakteria wa kuhara damu. Bila mwindaji walipona kama robo. Waliopewa mwindaji walipona asilimia 60 hivi. Matokeo yalikuwa mazuri zaidi pale chembe nyeupe za damu ziliposhirikiana naye, kisha zikammaliza yeye mwenyewe. Mwaka huohuo huko Marekani, bakteria wa nimonia aitwaye Klebsiella alipungua zaidi ya mara elfu kwenye mapafu ya panya wengi waliotibiwa. Lakini majaribio ya kumdunga mwindaji kwenye mshipa wa damu hayakufua dafu.

Kwa hiyo anayetangaza kwamba zama za antibayotiki zimekwisha anawadanganya wagonjwa. Mwindaji huyu hali bakteria wa kifua kikuu wala Stafilokokasi wa majipu. Tena hamalizi mawindo yote, hubaki wachache waliokataa kuliwa. Hata hivyo ukataaji huo haurithiwi kama usugu wa dawa. Mwindaji akiondolewa, kizazi cha waliosalia kinaweza kuliwa tena. Mimi naona hapo ndipo penye thamani kubwa. Apunguze idadi, kinga ya mwili au dawa imalizie.

Wawindaji wengine wapo. Baharini yupo Halobacteriovorax, ambaye watafiti wa Marekani wamemtumia kupunguza bakteria hatari aina ya vibrio ndani ya chaza. Ardhini wapo Myxococcus, wanaotambaa kwa makundi na kuyeyusha mawindo kwa pamoja. Jamaa yao wa mbali, Sorangium, alipatikana mwaka 1985 kwenye udongo wa ukingo wa mto Zambezi. Kemikali yake ndiyo iliyozaa iksabepiloni, dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007.

Ningeulizwa pa kuanzia kumtumia Bdellovibrio, ningesema banda la kuku, kisha vidonda vya nje, kabla ya kugusa damu ya mgonjwa. Kazi ngumu iliyobaki ni ya kiwandani. Bdellovibrio lazima afike akiwa hai, na kumzalisha kwa wingi kunataka kwanza kufuga E. koli wa kumlisha, kisha kuhakikisha hakuna hata mmoja wao anayebaki ndani ya chupa.