Kifaru cha Lukaya Kilikuwa cha Nani? Silaha za Kirusi Ndani ya Michezo ya Vita



Naomba leo mniwie radhi, nitaandika juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona la kitoto. Mie mwenyewe nililiona hivo mpaka nilipokaa nalo usiku mzima. Wikiendi moja nilikwenda Ibra, nyumbani kwa mzee mmoja rafiki yangu, mzaliwa wa Unguja. Mjukuu wake ana miaka 19, anasoma uhandisi, na kama vijana wengi siku hizi anacheza michezo ya vita kwenye kompyuta. Mchezo wake unamruhusu mchezaji kujitengenezea vita vyake mwenyewe: ramani, majeshi, vifaru, mizinga. Kijana katengeneza Vita vya Kagera! Akaniambia, "Ami, wewe ni mtu wa Mwanza, hebu tazama kama nimepatia."

Nikatazama. Jeshi la Wananchi wa Tanzania amelipa T-55 za Kirusi tupu. Libya kaipa ndege ya Tu-22M. Katyusha yetu kaichora ile ya mwaka 1941. Na kinamasi cha Lukaya kakifanya uwanja wa mpira, vifaru vinakata mbuga kama pikipiki.

Nikamuuliza kazipata wapi habari hizi. Akasema kwenye orodha ya silaha za mchezo upande wa "Afrika" umewekwa hivo hivo: nchi yoyote iliyokuwa na urafiki na kambi ya Mashariki inapewa T-55 na AK-47, basi. Hapo ndipo nilipovuta kiti. Maana vijana watakaocheza vita hivi ni wengi kuliko watakaosoma makala zetu sisi wenye shahada za nje, na mjomba wangu wa damu alikuwemo katika vita hivyo.

Tuanze na vifaru. Vifaru vya Tanzania vilivyovuka mpaka mwaka 1979 vilikuwa kwa sehemu kubwa vya Kichina: Type 59, na kile kidogo, Type 62. Type 59 ni nakala ya T-54A ya Kirusi, kwa hiyo mtu akiitazama kwa mbali hana lawama akisema ni T-54. Mzinga wake ni wa milimita 100 na uzito wake ni kama tani 36. Type 62 ni mdogo wake, ana sura ile ile lakini ni tani 21 tu na mzinga wa milimita 85, na chuma chake ni chembamba mno. Ukimpa mchezaji T-55 badala ya Type 62 umempa ngao ambayo askari wetu hawakuwa nayo. Kijana wetu akicheza anasonga mbele kifua wazi, anapigwa, haumii, anasema vita vilikuwa rahisi. Havikuwa rahisi.

Nilipokuwa nasoma Uingereza niliwahi kwenda kwenye makumbusho ya vifaru ya Bovington, kule Dorset (nilikuwa nakimbia tasnifu, nakiri). Ukiisogelea familia hii ya T-54 na T-55 unaanza kuona tofauti. T-54 ina kikofia kama uyoga juu ya mnara wake upande wa kulia, cha kupitishia hewa. T-55, iliyotoka mwaka 1958, haina. Type 59, kwa kuwa ni mtoto wa T-54, inacho. Kwa hiyo mwenye picha ya zamani ya kifaru cha Kagera aanze kutafuta uyoga.

Jambo la pili ni la ndani ya kifaru. Mpakiaji wa makombora anasimama kulia kwa mzinga, maana yake anasukuma kombora kwa mkono wa kushoto, katika chumba ambacho mtu mrefu hawezi kusimama wima. Orodha ya mchezo inahesabu makombora mengi kwa dakika kana kwamba mpakiaji ni mashine. Tena mzinga wenyewe hauinami chini sana, nyuzi kama 5 tu. Kwenye tambarare za Ulaya ya Mashariki hilo si tatizo, lakini nchi ya Kagera na Masaka ni vilima. Kifaru kikiwa juu ya kilima na adui yuko bondeni, hakiwezi kujificha nyuma ya kilele na kuchungulia. Lazima kitoke mwili mzima ndipo mdomo wa mzinga ufike chini. Kijana alipoliweka hili katika mchezo, vita vyote vikabadilika sura. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe ndio maana askari wa miguu walitangulia." Sikumwambia mie, kaliona mwenyewe.

Upande wa Amin nao ulikuwa mchanganyiko wa ajabu. Kulikuwa na Sherman chache za Kimarekani zilizopatikana Israel kabla ya Amin kuwafukuza Waisraeli mwaka 1972, kukawa na T-54 na T-55 za Kirusi, na magari ya deraya OT-64 ya Kichekoslovakia yenye magurudumu manane. Sherman ni kifaru cha Vita vya Pili vya Dunia, na ilikutana uwanjani na kombora la Kirusi la miaka ya 1960. Mchezo unaogawa silaha kwa kambi mbili, nyekundu na buluu, hauwezi kuieleza Uganda ya 1978. Walibya ndio waliokuja na T-55 kweli. Kwa hiyo jibu la swali langu la juu: usiku wa tarehe 10 Machi 1979, T-55 zilizoonekana Lukaya, kama 15 hivi, zilikuwa za Libya.

Na Lukaya penyewe lazima paelezwe vizuri. Ni njia ya kwenda Kampala inayopita juu ya tuta, kushoto na kulia ni kinamasi na mafunjo. Kifaru cha tani 36 kikiacha lami kinazama. Brigedi ya 201, ambayo wengi wao walikuwa wanamgambo wasio na uzoefu, ndiyo iliyokuwa mbele na vifaru vitatu tu. Walibya wakafyatua makombora ya Katyusha. Sasa angalia: makombora yale yalipita juu, yakaangukia mbali nyuma ya watu wetu. Kwa hesabu ya mchezo ni sifuri, hakuna aliyedhurika, brigedi iko kamili. Kwa hakika yaliyotokea, wengi walikimbia. Kesho yake brigedi ya 208 ikazunguka ikapiga ubavuni, ya 201 ikajipanga upya ikapiga mbele, na ndipo mambo yakageuka.

Hapa tulibishana sana. Kijana anasema mchezo unahesabu majeruhi, hauhesabu woga. Mie nasema basi mchezo hauijui silaha hii kabisa. Ile tunayoiita Katyusha ni BM-21: mabomba 40 ya kurushia yaliyopandishwa juu ya lori la Ural, makombora ya milimita 122, yote 40 yanaondoka kwa sekunde kama 20, na yanafika kilomita 20. Warusi wanaiita Grad, yaani mvua ya mawe. Haikutengenezwa kulenga dirisha, imetengenezwa kumwagia eneo zima. Sauti yake peke yake ni nusu ya kazi. Waganda wakaipa jina la Saba Saba, na jina hilo likabaki midomoni mwao hata vita vilipokwisha. Katyusha yenyewe, ile ya mwaka 1941, ilikuwa na makombora 16 ya milimita 132 na ilifika kama kilomita 8 tu. Kijana aliichora hiyo kwa sababu alitafuta jina, na jina lilimdanganya. Nikamshauri: kwenye jedwali andika BM-21, lakini askari wakizungumza waache waseme Katyusha, maana ndivyo walivyosema.

Bunduki nayo. Huwezi kumkuta askari mzee wa Tanzania akakwambia "AK-47". Atakwambia SMG, na ile nyingine, SKS, atakwambia SAR. Na SMG nyingi zilikuwa za Kichina, Type 56, ambayo utaijua kwa singe yake inayokunjwa chini ya mtutu, nyembamba kama mshikaki.

Ama ile Tu-22M, hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu za kwangu. Libya ilituma Tu-22 ya zamani, ile yenye injini mbili juu ya mkia kama masikio ya sungura. Tu-22M ni ndege nyingine kabisa, mabawa yake yanakunjuka na kukunjika. Herufi moja tu imeongezwa lakini ni kizazi kingine. Mwishoni mwa Machi 1979 Tu-22 ilikuja kupiga Mwanza. Ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama ya Saanane, yakaua wanyama. Mie nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka mama alituingiza chini ya kitanda, na nakumbuka kesho yake watoto tukilia swala kuliko tulivyowahi kulia mtu. Katika mchezo wa kijana ndege ile ilipiga shabaha barabara na Mwanza ikaungua. Nikamwambia, "Mwanangu, mie niko hapa." (Na mkitaka kujua ubaya wa vita kweli, kumbukeni Musoma, askari wetu wenyewe walipozitungua ndege zetu tatu kwa kuwa hawakuambiwa kwamba zinapita. Hakuna mchezo utakaokubali kuweka hilo, wachezaji wataliita hitilafu.)

Muda wote huu babu mtu alikuwa amekaa pembeni na kahawa yake. Tuliposema milimita 122 akaweka kikombe chini. "Hiyo naijua," akasema. Alikuja Oman baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alipofungua mlango kwa waliokuwa Afrika Mashariki, akaingia jeshini, akapelekwa Dhofar. Alikaa Sarfait, karibu na mpaka wa Yemen, kwenye ngome ya mlimani iliyoitwa Simba, iliyotekwa mwaka 1972. Kutoka Hauf, ng'ambo ya mpaka, walipigwa kwa mizinga ya Kirusi ya milimita 85 na Katyusha, si ile ya lori bali bomba moja moja linalobebwa na watu na kusimamishwa juu ya miguu mitatu. Nikamwambia, "Mzee wangu, hata sisi tulikuwa na Simba yetu." Ni kweli, Februari 1979 jeshi letu lilipigana kwenye vilima vilivyoitwa Simba, kusini mwa Masaka.

Kijana naye anayo Dhofar katika mchezo wake, na humo pia kaweka T-55. Babu akacheka. Katika vita vya Dhofar, tangu 1965 mpaka 1975, waasi hawakuwa na kifaru hata kimoja, na jeshi la Sultani kubwa lake lilikuwa gari la deraya la Saladin la Kiingereza. Kilichowashtua ni kombora la begani, SAM-7, lililoangusha ndege ya Strikemaster Agosti 1975. Hapa kwetu Nizwa nako kaweka Kalashnikov mikononi mwa watu wa Imamu kwenye vita vya Jebel Akhdar, 1957 hadi 1959. Nikamwambia aende soko la Nizwa siku ya Ijumaa atazame bunduki kuukuu wanazouza wazee: Martini na .303. Hizo ndizo zilizopanda jabali. Mrusi hakuwepo.

Halafu kikaja cha mwisho, na hapo chumba kilibadilika. Alikuwa na faili la nne: Unguja, Januari 1964. Wapinduzi kawapa AK-47, kawaongezea na askari wa Kikuba. Nikatamani nifunge mdomo. Mie ni mtu wa Bara, na nilikuwa nimekaa kwenye nyumba ambayo ilipoteza watu na mali usiku ule. Si mahali pangu pa kusahihisha. Lakini babu akasema mwenyewe, polepole: "Futa hiyo. Mie nilikuwa na miaka 14. Walikuja na mapanga na marungu, bunduki walizichukua za polisi, Ziwani na Mtoni. Za Kiingereza. Za Mrusi zilikuja baadaye, serikali ilipokwisha geuka." Kijana akasema, "Lakini Babu, ukiweka Wakuba inaonekana…" hakumaliza. Babu akamjibu kwamba anajua inaonekanaje, kwamba ni wageni tu ndio waliofanya, na yeye angependa iwe hivo kuliko mtu yeyote aliyemo chumbani. "Lakini haikuwa hivo. Futa."

Akafuta.

Usiku ule ule nikampigia mjomba wangu Mwanza kwa WhatsApp. Alikuwa kwenye kikosi cha mizinga mwaka 1979 na masikio yake hayajapona mpaka leo, kwa hiyo inabidi upige kelele. Nikampa babu simu. Wazee wawili ambao hawajawahi kuonana walizungumza zaidi ya nusu saa, huyu akieleza ile roketi inavyolia ukiwa nyuma yake, yule inavyolia ikikujia, na kijana kashika daftari anaandika sekunde.

Kilichobaki sasa ni rangi. Kijana anataka kujua Type 59 zetu zilipakwa kijani gani na namba ziliandikwa wapi kwenye mnara, na mjomba anasema vumbi lilikuwa jingi mno hakuna aliyeona rangi. Kama kati yenu kuna mwenye picha ya familia ya miaka ile, au mzee aliyekuwa 201 au 208, tafadhali muulizeni, na kuhusu ule uyoga pia.

Wasalaam.