Kilo ngapi zinamfaa mtu anayefanya mazoezi?

Jumamosi alfajiri, kabla jua la Kindu halijawa kali, kundi letu hukutana kwa mazoezi. Wako vijana wa kwaya, mama kadhaa, mashemasi wawili, na mchungaji mmoja anayependa kusema kwamba yeye anakuja kuangalia tu. Tunakimbia polepole katika Kasuku mpaka upande wa mto, tunanyoosha viungo, halafu vijana wanacheza mpira. Ndugu wanaotoka Alunguli huanza mazoezi yao mapema zaidi, maana wanavuka kwanza Lualaba kwa mtumbwi.

Miezi michache iliyopita, kijana mmoja kati yetu alikuja akiwa mnyonge. Kazi yake ni kuleta mchele na mawese mjini kutoka vijijini kwa kinga, mzigo nyuma, yeye akisukuma kwenye vilima na matope. Alikuwa amepita katika kituo kimoja cha afya kwa sababu ya malaria, akapimwa: kilo 74, urefu mita 1.70. Waliangalia karatasi ya ukutani, wakamwambia kilo zake zimezidi. Basi akaacha chakula cha jioni. Siku ya kumi na mbili alianguka na kinga yake njiani, mzigo ukamwagika, na deni la mawese yale bado analo.

Akatuuliza: «Baba mchungaji, sasa kilo zangu zinapaswa kuwa ngapi?» Mchungaji akatutazama sisi, nasi tukatazama chini. Ndiyo sababu tulienda kuuliza watu wa afya na kusoma, na leo tunawaeleza tuliyoyapata.

Hesabu ya karatasi ile ni rahisi. Unachukua kilo zako, unagawanya kwa urefu wako katika mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kijana wetu: 1.70 mara 1.70 ni 2.89; na 74 ukigawanya kwa 2.89 unapata 25.6. Shirika la Afya Duniani husema mtu mzima akiwa kati ya 18.5 na 24.9 ni sawa. Chini ya 18.5 amekonda mno. Kuanzia 25 amezidi. Kuanzia 30 ana unene wa kuleta ugonjwa. Kwa mama mwenye mita 1.60, hiyo ni kama kilo 48 mpaka 63. Kwa mwanaume wa mita 1.75, ni kama 57 mpaka 76. Tazameni jinsi nafasi ilivyo pana: karibu kilo 20 kwa mwanaume huyo. Hakuna namba moja ambayo mtu lazima aifikie.

Hesabu hiyo ilitungwa na Mbelgiji aliyeitwa Adolphe Quetelet, katika miaka ya 1830. Hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa hesabu na nyota, akitafuta jinsi mtu wa wastani alivyo katika taifa zima. Mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake waliipa jina linalotumiwa mpaka leo. Inafaa sana kwa kupima watu elfu kumi. Kwa mtu mmoja inatoa dalili tu, kwa sababu mizani haijui kutenganisha mafuta, misuli, mifupa na maji. Kilo ya msuli na kilo ya mafuta ni kilo ileile.

Wazee wetu wanakumbuka pambano la Muhammad Ali na George Foreman kule Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Ali alipanda ulingoni na kilo kama 98, na urefu wake ulikuwa karibu mita 1.91. Fanyeni hesabu: inakuja karibu 27. Kwa karatasi ya ukutani, mtu yule aliyecheza raundi nane katika joto la Kinshasa na kumwangusha bingwa alikuwa «amezidi kilo». Hatusemi kila mtu mwenye 27 ni Ali. Wengi wetu wenye 27 tumeyapata kwenye sahani. Ndiyo maana kunahitajika kipimo cha pili.

Kipimo hicho ni kamba. Simama wima bila viatu, mwenzako akate kamba yenye urefu wako kamili, kutoka kisigino mpaka utosini. Ikunje katikati. Sasa hiyo nusu izungushe kiunoni, juu ya ngozi, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, kiuno chako ni sawa. Zisipokutana, mafuta yamekaa tumboni, kuzunguka ini na matumbo, na hayo ndiyo yanayoleta kisukari, tensio na ugonjwa wa moyo kuliko mafuta ya mapajani au makalioni. Kamba haihitaji umeme wala hesabu. Kwa mama mwenye mimba haitumiki, na watoto na vijana wanaokua wana vipimo vyao kufuatana na umri.

Tulimpima kijana wa kinga. Nusu ya urefu wake ni sentimeta 85; kiuno chake kilikuwa 79. Kamba ilibaki. Kilo zilizodaiwa kuwa zimezidi ni mapaja na mgongo vinavyosukuma mzigo. Kisha tukampima shemasi mmoja ambaye kwa karatasi alikuwa sawa kabisa, 24 na kitu, na ncha za kamba hazikukutana. Alicheka, lakini Jumatatu alikwenda kupima tensio, nayo ilikuwa juu.

Hata hivyo, kwetu Maniema tabu kubwa mara nyingi huanzia upande mwingine. Hapa mtu akikonda watu wanaanza kunong'ona. Mchungaji akipungua, wanasema kanisa halimlishi. Mama aliyeolewa akipungua, wanauliza kama ndoa ina amani. Kijana akipungua, wanataja ugonjwa. Unene umekuwa kama cheti cha baraka. Tena tusijidanganye kwamba mawazo haya ni ya mtaani tu. Katika kitabu cha Danieli, sura ya kwanza, wengi wetu hukumbuka mboga na maji. Lakini baada ya siku zile kumi, alama iliyomtuliza msimamizi ilikuwa kwamba vijana wale wanaonekana wamenenepa kuliko wenzao. Katika nchi ya njaa na vita, mwili wenye nyama ulikuwa habari njema kweli. Haikuwa ujinga.

Ila sasa maneno hayo yanawapeleka watu wetu kwenye vidonge. Dada mmoja wa kwaya, anayekimbia vizuri kuliko vijana wengi, alichoka kuambiwa «umeisha» kila Jumapili. Ndoa ilikuwa inakaribia. Akanunua dawa za kunenepa, zile zinazouzwa moja moja bila karatasi ya daktari. Kwa miezi miwili alipata kilo 6, mashavu yakajaa, na mama zetu wakamsifu. Lakini akaanza kusinzia katika mazoezi, kisha miguu ikavimba.

Dawa zinazotumiwa hivyo mara nyingi ni mbili. Moja ni siproheptadini, dawa ya mzio. Inaongeza hamu ya kula na inaleta usingizi. Nyingine ni deksametasoni, dawa kali ambayo daktari huitoa kwa sababu maalum. Hiyo inafanya mwili ushike maji na uso ujae. Ikitumiwa kwa muda mrefu inapandisha sukari na tensio, inadhoofisha mifupa, na inakula misuli yenyewe, ile misuli ambayo mtu wa mazoezi anaitafuta. Zaidi ya hapo, aliyeizoea akiiacha ghafla anaweza kuzimia au hata kufa, maana mwili umeacha kutengeneza dawa yake wa asili. Dada yetu hakuiacha peke yake. Daktari alimpunguzia kidogo kidogo. Kama wewe unaitumia kwa siri, usiitupe leo kwa hasira baada ya kusoma haya. Nenda kwanza kwa daktari.

Wako pia wanaofanya kinyume: wanakimbia sana na kula kidogo ili wapungue haraka. Mwili unaofanya kazi nyingi bila chakula cha kutosha huanza kufunga milango. Kwa wanawake, damu ya mwezi inachelewa au inakatika. Mama wengi husikia hilo wakafikiri ni mimba, na wasichana wengine hufurahi. Si jambo la kufurahia: mifupa inapungua nguvu, na mfupa wa mguu unaweza kupasuka kwa kukimbia tu. Wanaume nao huchoka, hukosa hamu ya ndoa, majeraha hayaponi upesi, malaria na mafua havikauki. Mtu anayetaka kupungua kweli, nusu kilo kwa wiki inatosha. Kilo moja ni mwisho.

Na yule anayesema amepoteza kilo 2 kwa mchezo mmoja wa mpira? Hizo ni jasho. Kwa joto letu lenye unyevu, jasho halikauki upesi, na mtu anaendelea kulitoa. Mwenye kilo 60 akipoteza kilo 1 na kitu, tayari nguvu na akili vinapungua uwanjani. Kunywa maji yaliyochemshwa au kutibiwa, zinarudi. Kuvaa koti la plastiki ili utoe jasho zaidi ni kujitesa bure. Mwaka 1997 wanafunzi watatu wa mieleka huko Marekani walikufa katika wiki chache kwa kukausha miili yao ili waingie katika daraja la uzito.

Kwa sababu hiyo hiyo, kufunga na mazoezi makali havikai pamoja. Mtu akifunga siku tatu, mizani itashuka, lakini sehemu kubwa ni maji, kwa kuwa akiba ya sukari katika misuli hukaa pamoja na maji, nayo ikitumika maji yanatoka. Kundi letu limekubaliana kwamba anayefunga anakuja kutembea tu, au anabaki nyumbani kuomba. Mwenye kisukari na mama mwenye mimba waongee kwanza na daktari, hata kama kanisa zima limetangaza mfungo.

Kuhusu chakula hatutasema mengi, mnakijua. Bugali wa muhogo unatoa nguvu lakini haujengi msuli. Sombe, maharagi, karanga, samaki wa Lualaba, mayai na viwavi vilivyokaushwa ndivyo vinavyojenga. Mtu wa mazoezi mwenye kilo 60 anahitaji protini kama gramu 72 kwa siku au zaidi, na haipatikani kwa bugali na chumvi. Mawese ni mazuri, ila kijiko kimoja ni kijiko kimoja.

Jipimeni mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya kwenda chooni na kabla ya kula, kwenye mizani ileile. Ikiwa kilo zinashuka bila wewe kutaka, kama 3 kwa mtu wa kilo 60 ndani ya miezi sita, usisifiwe wala usinong'onwe: nenda hospitali. Kikohozi cha wiki mbili na jasho la usiku vinaweza kuwa kifua kikuu, na dawa zake hutolewa bila malipo. Kiu kali na kukojoa mara kwa mara vinaweza kuwa kisukari.

Kijana wa kinga amerudia chakula chake cha jioni. Jumamosi iliyopita alipanda mizani, ikaonyesha 75, na wenzake wakapiga kelele. Alitoa kamba yake mfukoni, akaizungusha kiunoni, ikabaki. Kisha akaomba ruhusa kuondoka mapema, kwa sababu mchele ulikuwa unamngoja ng'ambo ya mto.