Kabla ya Kufuta, Zitazame Zinazoondoka

Kwenye kompyuta kuu za IBM, rekodi ni mstari, na seti nyingi za data bado zina mistari ya herufi 80, urithi wa kadi za kutobolewa za mwaka 1928. Mstari huo ukifunguliwa katika ISPF, programu ya kuhariri, kushoto kwake huwa na tarakimu sita. Andika D juu ya tarakimu hizo, bonyeza Enter, rekodi imeondoka. D5 inaondoa tano. DD mbili, moja mwanzo na moja mwisho, zinaondoa zote zilizo katikati pamoja na mistari hiyo miwili.

Kwa rekodi kumi, inatosha. Tuseme sasa ni elfu thelathini, na unataka kuondoa za tawi 0417, namba inayokaa katika safu nne za mwanzo. Anza na X ALL. Mistari yote inajificha, unabaki na mstari wa vistari unaotaja idadi yake. Kisha andika F '0417' 1 4 ALL. Rekodi za tawi hilo zinajitokeza, na kona ya juu kulia unasoma ni ngapi.

Hizo 1 na 4 nazisisitiza kuliko amri nyingine zote. Ukiziacha, 0417 itatafutwa mstari mzima: ndani ya namba ya akaunti, ndani ya kiasi, hata ndani ya tarehe 20240417. Mteja wa tawi jingine aliyeweka fedha siku hiyo atafutwa bila kosa lolote.

Teremka ukizisoma, linganisha idadi na uliyotarajia, ndipo uandike DEL ALL NX, yaani futa zisizofichwa. Ukisahau N, zinafutwa zilizofichwa: tawi 0417 linabaki peke yake. Uangalie na ule mstari wa vistari. D moja juu yake huondoa kila rekodi iliyojificha nyuma yake.

Ukikosea, usibonyeze F3. Kwa kawaida kitufe hicho hutoka na kuhifadhi papo hapo. Andika CANCEL, na kama hujahifadhi, seti inabaki ilivyokuwa ulipoifungua. UNDO nayo husaidia, lakini lazima iwe imewezeshwa kabla ya kosa, kwa hiyo ihakikishe mapema.

Ukimaliza, RESET irudishe zilizofichwa, uende hadi mstari wa mwisho. Faili nyingi za kibenki hufungwa na rekodi inayobeba jumla ya rekodi na jumla ya fedha. Tuseme umeondoa 37: jumla hiyo bado inazihesabu, na programu itakayoisoma faili usiku itaikataa. Rekebisha namba hizo mbili, kisha F3.