Kuvu Inayotega Minyoo wa Mifugo

Kondoo akivimba chini ya taya, na ngozi ya ndani ya kope zake ikawa nyeupe, mfugaji mzoefu hutambua mara moja ya kuwa minyoo wanamnyonya damu. Adui aliye mkubwa katika nchi za joto huitwa na wataalamu Haemonchus contortus. Hukaa katika tumbo la nne la kondoo na mbuzi, na minyoo elfu moja huweza kunyonya karibu mililita 50 za damu kwa siku. Jike mmoja hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kila siku, nayo hutoka pamoja na mavi. Pakiwa na joto na unyevu, watoto wa minyoo huanguliwa humo, na baada ya juma moja hivi hupanda majanini kungoja kuliwa.

Wengi walidhani ya kuwa dawa itavimaliza vita hivi. Mwaka 1961 ilitolewa dawa mpya iliyosifiwa sana, thiabendazoli. Lakini ilipofika 1964 walikuwa wamekwisha kuonekana minyoo wasiokufa kwayo. Dawa nyingine zilizofuata zimepatwa na mambo yayo hayo, kwa kuwa minyoo wanaosalia baada ya dawa ndio wanaozaa.

Kwa sababu hiyo wataalamu walikigeukia kiumbe kilichokuwamo udongoni siku zote. Mwaka 1888 Mjerumani Friedrich Wilhelm Zopf alieleza jinsi kuvu ilivyokamata minyoo wadogo walio hai. Jamaa ya kuvu ile, Duddingtonia flagrans, ilichunguzwa sana huko Denmark na Australia katika miaka ya 1990, na leo mbegu zake huuzwa kwa wafugaji wa Australia na Marekani.

Mbegu hizo, ndogo kama vumbi, huchanganywa na chakula cha mnyama. Zina ganda nene, basi hupita tumboni bila kuharibika na kutoka pamoja na mavi. Humo huota nyuzi, na nyuzi hufanya vitanzi vinatavyo kama ulimbo wa kunasia ndege. Mtoto wa mnyoo akivigusa hunaswa, na kuvu humpenya mwilini ikamla kwa ndani. Hivyo wachache tu ndio wafikao majanini.

Hata hivyo kuvu hii si tiba. Haiwadhuru minyoo waliokwisha kuingia tumboni, na kondoo mgonjwa bado ahitaji dawa. Tena sharti mbegu zitolewe kila siku katika majira ya minyoo, maana mavi ya siku iliyokosa mbegu hayana mtego. Kwa yule ambaye kundi lake hushinda porini likijitafutia chakula, hilo ni jambo gumu.

Lakini fundisho lake lamfaa kila mfugaji: minyoo hawashindwi tumboni peke yake, bali na malishoni pia. Yafaa kutojaza wanyama wengi mahali padogo, kulipumzisha shamba la majani, na kumnywesha dawa yule mwenye dalili tu, kwa kipimo kilicho sawa na uzito wake. Tena kondoo mwekundu wa Wamasai humstahimili mnyoo huyu kuliko Dorper, na mwenye kuchagua mbegu ya kundi lake asimdharau.