Kiti Husema Kilikozaliwa

Msomaji, kabla hujaendelea, hebu inama utazame miguu ya kiti ulichokikalia. Wanunuzi wa viti vya kale huko Marekani huanzia papo hapo.

Katika karne ya 18, makoloni ya Mwingereza Marekani yalikuwa na maseremala hodari walioiga mitindo ya London. Mwaka wa 1754 Thomas Chippendale alichapisha kitabu cha michoro yake, nacho kikavuka bahari. Hata hivyo, kila mji ulibaki na mkono wake, kwani kijana alifundishwa kazi na fundi wa pale pale, naye akaja kuwafundisha wengine vivyo hivyo.

Chukua kiti cha mahogani ambacho mguu wake wa mbele umechongwa mfano wa kucha za ndege zilizoshika mpira. Kucha za kando zikiwa zimelala kuelekea nyuma, shuku Boston na jirani zake. Mguu ukiwa mnene na wa mraba, huenda ni New York. Wa Newport wakati mwingine walitoboa kabisa chini ya kucha, pakabaki mwanya kati yake na mpira. Kazi ya subira hiyo! Boston walipenda kuiunganisha miguu kwa vijiti. Philadelphia mara nyingi waliviacha, lakini wakaupitisha ulimi wa mbao ya ubavuni hadi ukatokeza nyuma ya mguu. Kigeuze kiti, utauona.

Usidhani huu ni mchezo wa wazee. Mwaka wa 1987 kiti kimoja cha Philadelphia, kilichotengenezewa tajiri John Cadwalader, kiliuzwa mnadani kwa dola milioni 2.75. Na penye pesa hapakosi wajanja.

Mwaka wa 1969 mchongaji Armand LaMontagne wa Rhode Island alitengeneza kiti kipya kwa mtindo wa Massachusetts wa karne ya 17, akakizeesha makusudi. Alitaka kuonyesha kwamba hata wataalamu hudanganyika. Kikapita mikononi mwa wachuuzi, na mwaka uliofuata Jumba la Makumbusho la Henry Ford, Michigan, likakinunua kwa dola 9,000. Siri ilifichuka mwaka wa 1977. Umbo lilikuwa sawa kabisa, ila matundu yalitobolewa kwa keekee ya kisasa, na picha za eksirei zikayaonyesha. Jumba halikukitupa kiti kile. Lilikiweka kiwe funzo.