Ahadi ya pini nane

Kadi ya grafiki ya GTX 1060 iliingia sokoni Julai 2016, na hadi leo inahama kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Gemu nyingi inazichezesha, video inahariri, na kwa bei ya mtumba haimtishi kijana anayejikusanyia vifaa kidogo kidogo. Shida hujitokeza pale inapohamishiwa kwenye kompyuta mpya. Kadi imekwishachomekwa kwenye mazabodi, imekaa sawasawa, lakini ubavuni ina tundu la pini sita, na ndani ya boksi kuna nyaya chungu nzima zinazotoka kwenye pawa saplai. Moja ina plagi ya pini nane. Nyingine nayo ina pini nane, ila hazifanani sawasawa. Ya tatu ina pini 16 ndogo ndogo ambazo mwenye kadi hajapata kuziona. Wengi huanza kujaribu ipi inaingia. Mimi ningependa waanze kwa kuuliza: plagi hii inaahidi wati ngapi?

Kadi hupata umeme kwa njia mbili. Kwanza ni ile nafasi ndefu ya mazabodi inamochomekwa, ambayo hutoa hadi wati 75. Kadi ndogo hutosheka na hizo. GTX 750 Ti hutumia wati 60, GTX 1050 Ti hutumia 75, na matoleo yake mengi hayana tundu lolote la ziada. Kadi inayohitaji zaidi huongezewa kwa kebo kutoka kwenye saplai: plagi ya pini sita huahidi wati 75 nyingine, ya pini nane huahidi 150. Kwa hiyo GTX 1060, yenye mahitaji ya wati 120, inatosheka na pini sita, na bado inabakiwa na akiba ya wati 30. GTX 1080 Ti, inayokula 250, ina matundu mawili, moja la sita na jingine la nane. Jumlisha na zile 75 za mazabodi unapata 300.

Hesabu hii ina uzito. Mwaka uleule wa 2016 AMD ilitoa RX 480 ikiwa na tundu moja la pini sita, na wapimaji wakagundua kwamba inavuta kutoka kwenye mazabodi zaidi ya kiwango kilichowekwa. Mwezi Julai kampuni ikatoa programu endeshi mpya ya kupunguza mzigo huo. Hilo lilitokea kwa kadi mpya kabisa, kwa hiyo ukiwa na kadi ya zamani usione haya kupiga hesabu yako kwa kalamu na karatasi.

Sasa ishike plagi yenyewe uitazame kwa karibu. Kwenye saplai zenye nyaya za rangi, ile ya pini sita kwa kawaida ina nyaya tatu za njano, zinazobeba volti 12, na tatu nyeusi, ambazo ni hasi. Ukihamia kwenye ya pini nane ungetarajia njano ziongezeke. Haziongezeki. Ni zilezile tatu, na mbili zilizozidi zote ni nyeusi. Basi wati zimekuwaje maradufu?

Jibu ni kwamba mojawapo ya zile nyeusi ina kazi ya kutoa taarifa. Kadi inaipima, ikiikuta imeunganishwa na hasi, inajua kwamba plagi nzima ya pini nane imechomekwa na kwamba aliyetengeneza saplai amekubali kutoa wati 150 kwa njia hiyo. Ikiikuta iko wazi, inajua imepewa pini sita tu. Hizo nyaya tatu za njano zina uwezo wa kutosha: wati 150 kwa volti 12 ni ampea 12.5, na ukizigawa kwa tatu kila pini inabeba ampea nne na ushee, mzigo ambao pini za aina hii zinaumudu bila taabu. Waliobuni plagi hii waliacha nafasi kubwa ya usalama, na ndiyo maana imedumu miaka mingi bila kelele.

Hapo ndipo adapta zinapoharibu mambo. Adapta inayogeuza pini sita kuwa nane huunganisha ule waya wa taarifa na hasi kisha basi. Imeiambia kadi kwamba kuna wati 150 wakati saplai haikuahidi zaidi ya 75. Kwenye saplai nzuri yenye nyaya nene huenda usione tofauti. Kwenye saplai ya bei ya chini, waya mwembamba hupata moto, plastiki hulainika, na kompyuta huanza kujizima katikati ya mchezo.

Mbaya kuliko zote ni adapta inayochukua umeme kwenye plagi ya SATA, ile bapa ya diski, na kuupeleka kwenye pini sita za kadi. Piga hesabu mwenyewe. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, na kila moja imepewa kikomo cha ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5, yaani wati 54. Upande wa pili wa adapta umeahidi 75. Wati 21 zimeahidiwa na mtu asiyekuwa nazo. Plagi hizi zimeungua kwenye mashine za watu wengi, na zinaendelea kuuzwa kwa bei ya soda. Ukipewa bure, kataa. Afadhali uuze kadi hiyo ununue inayotosheka na umeme wa mazabodi.

Turudi kwa zile plagi mbili za pini nane. Moja ni ya kadi, nyingine ni ya prosesa. Ya kadi hugawanyika sita na mbili, na mara nyingi imeandikwa PCIe au VGA. Ya prosesa hugawanyika nne na nne, na imeandikwa CPU. Mpangilio wa chanya na hasi ndani yake umegeuzwa: upande ambao moja ina volti 12, mwenzake ana hasi. Maumbo ya pini yamefanywa tofauti ili zisiingiliane, lakini plastiki laini na mkono wenye nguvu vinaweza kuyashinda maumbo hayo, na matokeo ni shoti. Plagi ikikataa, iache. Kwa GTX 1060, chukua ile ya sita na mbili, tenganisha zile mbili zining'inie pembeni, uchomeke sita hadi usikie klipu ikilia. Zile mbili zinazoning'inia hazina volti 12, hazitamdhuru mtu.

Kama saplai yako ni ya kebo za kuchomoa, kuna hatari nyingine ambayo mafundi wazuri pia hunaswa nayo. Upande wa kebo unaoingia kwenye kadi unafuata kanuni moja dunia nzima. Upande unaoingia kwenye saplai haufuati. Kila mtengenezaji hupanga pini zake apendavyo, na hata saplai mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Kebo ya saplai ya zamani inaweza kuingia kwenye mpya vizuri kabisa, halafu ikapeleka volti 12 mahali pa hasi. Ukibadilisha saplai, badilisha na kebo zake zote.

Ile plagi ya pini 16 haiihusu kadi yako ya zamani, iache ilale. Imetengenezwa kwa kadi zinazoweza kuhitaji hadi wati 600, na kwa mzigo huo kila pini kati ya sita za volti 12 hubeba ampea zaidi ya nane, karibu na mwisho wa uwezo wake. RTX 4090 ilipotoka Oktoba 2022, plagi hizo zikaanza kuyeyuka kwa baadhi ya wateja, hasa zilipokuwa hazijasukumwa hadi mwisho. Toleo lililorekebishwa limefupishiwa pini za taarifa, ili plagi ikikaa nusunusu kadi isipate ruhusa ya kuvuta umeme.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki, wanaposema kompyuta mpya, wanamaanisha Dell OptiPlex au HP EliteDesk iliyotoka kwenye ofisi ya Ulaya au Marekani. Mashine hizi ni imara na ninazipenda, lakini nyingi zina saplai ndogo isiyo na kebo ya kadi hata moja, na plagi ya mazabodi yake mara nyingi si ya kawaida, kwa hiyo huwezi kuweka saplai ya dukani bila adapta maalumu. NVIDIA inapendekeza saplai ya wati 400 kwa GTX 1060 na 500 kwa GTX 1070. Soma lebo: tafuta mstari wa +12V, zidisha ampea zake kwa 12. Saplai iliyoandikwa wati 500 kwa herufi kubwa huku mstari huo ukiwa na ampea 18 inaweza kutoa wati 216 tu pale kadi na prosesa zinapozihitaji. Na kama nyuma ina swichi nyekundu ya 115 na 230, hakikisha iko 230 kabla hujaichomeka ukutani.

Ukishaunganisha, washa na utazame skrini. Ujumbe unaokutaka uunganishe kebo za umeme una maana kwamba plagi haijaingia au kebo haina umeme. Zima, chomoa ukutani, uisukume tena. Feni zikizunguka huku skrini ikibaki nyeusi, hakikisha kwanza kwamba kebo ya skrini umeichomeka kwenye kadi yenyewe, kisha uangalie umri wa kadi. Nyingi za kabla ya 2012 hazina programu inayotakiwa na mazabodi za leo wakati wa kuwaka. Kama mazabodi yako ina mpangilio wa CSM, unaoiwezesha kuzikubali kadi za aina hiyo, uwashe na ujaribu tena. Kama haina, kadi hiyo haitaonyesha kitu wakati wa kuwaka hata ukiibadilishia saplai mara ngapi.