Mfumo ukituma oda wenyewe, aliyebonyeza ni nani?

KATIKA daftari la ghala, mwandiko husema mengi. Meneja wa AMCOS akiona kilo za pamba zimefutwa na kuandikwa upya, hutazama herufi tu akajua ni karani yupi wa kumwita. Kompyuta haina ushahidi huo. Herufi zake ni zile zile, awe ameandika mwenyekiti, karani au kibarua wa siku moja.

Ugumu huongezeka pale programu inapopewa kazi ya kufanya mambo yenyewe. Tuchukue mfano wa duka la pembejeo hapa Somanda, lenye wasaidizi wawili. Mwenye duka ameiagiza programu kwamba viuadudu vya pamba vikibaki chini ya katoni tano, oda iende kwa msambazaji wa Mwanza. Siku moja oda inaondoka wakati stoo imejaa. Anafungua kumbukumbu, anakuta aliyetuma ni “Mfumo”. Msaidizi wa asubuhi anamtaja wa jioni, wa jioni anasema ni mtandao.

Mtandao wa watu, labda! Kuna aliyeandika mauzo ya katoni 30 badala ya chupa 30, hesabu ya stoo ikashuka, oda ikaondoka. Kwa hiyo cha kutafuta si oda yenyewe, bali tukio lililoitangulia: hesabu ilibadilika saa ngapi, na kwa akaunti ya nani.

Tatizo hili haliko kwa wenye maduka madogo tu. Jira, programu inayotumiwa na kampuni nyingi duniani kufuatilia kazi za miradi, kwa kawaida huandika kazi iliyofanyika yenyewe kwa jina la mtambo, si la mtu aliyeuamsha. Msimamizi anaweza kuiagiza iandike pia jina la mwanzilishi. Asipofanya hivyo mapema, hubaki kulinganisha saa moja baada ya nyingine.

Hata hivyo, yote hayo ni kazi bure iwapo neno la siri ni moja na linajulikana kwa mwenye duka, mkewe, wasaidizi na shemeji aliyekuja kusalimia. Kumbukumbu itaonyesha jina moja kwa kila kosa, na mara nyingi jina hilo ni la mwenye duka mwenyewe.

Uingereza walilipa gharama kubwa kwa jambo la namna hii. Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya mawakala 900 wa posta, wengi wao wenye maduka madogo, walitiwa hatiani kwa upungufu wa fedha ulioonyeshwa na programu ya Horizon ya kampuni ya Fujitsu. Kwa miaka mingi walielezwa kwamba hakuna mwingine awezaye kugusa hesabu zao. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilibaini kwamba programu ilikuwa na kasoro, na kwamba wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingia kwa mbali na kubadili hesabu bila wakala kujua. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu za mamia yao. Baadhi walikuwa wameshafungwa, na wengine wameshakufa.

Hapa nchini, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kompyuta, iangalie pia namna mwanzilishi wa taarifa alivyotambuliwa. Mwajiri anayemfikisha msaidizi mbele ya hakimu kwa karatasi iliyoandikwa “Mfumo” ajiandae kwa swali hilo.

Kabla ya kununua programu, muulize muuzaji kama kila mtumishi atapata akaunti yake, kama kumbukumbu inaonyesha kiasi cha zamani na kipya, na kama kuna mtu anayeweza kuifuta. Msaidizi akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo. Naye msaidizi akatae kuuza kwa akaunti ya mwenzake, hata kwa dakika tano za chai.

Ziko pia kazi zinazoamka kwa saa, kama ujumbe wa kudai madeni kila Jumatatu. Hizo hazina aliyebonyeza siku hiyo. Jina la kutafuta ni la aliyezipanga, au aliyezibadili mara ya mwisho.